Yah: Kulaza kompyuta si kunakili RAM yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye safu yako ya barua nijibu makala ya teknolojia mliyoitoa wiki iliyopita, ile iliyowafundisha wasomaji namna ya kulaza kompyuta mpakato bila kupoteza kazi. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa na bisibisi mkononi, ya pili nimeketi. Mengi mwandishi wenu ameyaeleza vizuri. Nampongeza hasa kwa kutenganisha usingizi wa aina mbili: ule wa kulala kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayofutika umeme ukikatika, ambapo betri inaendelea kuliwa kidogo kidogo, na ule wa kulala kwenye diski, ambapo mashine inazimika kabisa na bado ukiiwasha unakuta kazi yako ilipoishia. Wateja wangu wengi hudhani ni kitu kimoja.

Ila kuna sentensi moja iliyonifanya niache kazi niandike barua. Mwandishi anasema kompyuta inapolala kwenye diski hunakili RAM yote kama ilivyo, kwa hiyo mwenye RAM ya GB 16 atenge GB 32 za diski ili awe salama.

Si kweli. Ningeweza kunyamaza, maana magazeti hukosea na mafundi hukosea zaidi. Lakini ndani ya siku tatu tangu toleo lile litoke nimeletewa mashine mbili ambazo wenyewe walifuata ushauri huo neno kwa neno, wakagawanya diski zao upya, wakabanana na mafaili yao, na mashine zote mbili zikagoma. Nitazieleza. Kwanza nimtetee mwandishi wenu kidogo.

Ushauri wake haukutoka hewani. Zamani ulikuwa sahihi. Kompyuta mpakato za miaka ya 1990, kabla ya ACPI, utaratibu unaoukabidhi mfumo endeshi usimamizi wa umeme, kutolewa mwaka 1996 na hata miaka kadhaa baada yake, zilikuwa zinalazwa na BIOS, yaani ile programu ndogo iliyochomwa kwenye chipu ya ubao mkuu. BIOS haikujua mfumo endeshi, kama vile Windows, unafanya nini. Kwake RAM ilikuwa sanduku lililofungwa: hajui lipi lina mali na lipi tupu, anabeba lote. Kwa hiyo ilitengewa sehemu yake ya diski, na sehemu hiyo ilibidi iizidi RAM kwa sababu ilibeba pia kumbukumbu ya kadi ya kioo. Nilipoanza ufundi, miaka 24 iliyopita, nilikabidhiwa mashine ya namna hiyo yenye RAM ya MB 64. Nikaiongezea ifike MB 128 kama mteja alivyotaka, na tangu dakika hiyo ikakataa kulala. Nilihangaika nayo mchana kutwa. Nilibadilisha betri, nikasafisha miguu ya RAM, nikaweka draiva upya. Jioni mwalimu wangu wa kazi akapita nyuma yangu na kuuliza swali moja tu: "Mzigo umeongeza. Ghala umelipanua?"

Enzi ile, basi, kanuni ya kupima diski kwa RAM ilikuwa na maana. Leo mfumo endeshi ndio unaojilaza wenyewe, nao unajua kila kitu kilichomo ndani yake. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na hapo ndipo makala yenu ilipopita haraka.

Nitaeleza kwa kutumia mfumo endeshi wa Linux, kwa sababu msimbo wake uko wazi na mtu anaweza kuusoma akijua anachosoma. Fikiria kwanza ugumu wenyewe. Anayenakili RAM naye anakaa ndani ya RAM. Akisogeza kidole tu, kile anachokinakili kimebadilika. Ni sawa na kuhesabu watu chumbani huku milango iko wazi, watu wanaingia na kutoka, na wewe mwenyewe hujui kama umeshajihesabu. Ukipata nakala ambayo nusu yake ni ya saa nne kamili na nusu ni ya sekunde tano baadaye, umepata takataka. Mashine ikiamka nayo itaanguka.

Kwa hiyo kerneli, yaani kiini cha mfumo, hufanya hivi. Kwanza inagandisha programu zote. Kila moja inaambiwa isimame pale pale ilipo, na kwa kawaida kerneli husubiri sekunde 20. Ikibaki hata moja haijasimama, zoezi zima linavunjwa na unarudishiwa kioo chako kana kwamba hukubonyeza kitu. Zikisimama zote, kinafuata kile ambacho nadhani ndicho moyo wa jambo hili: kerneli inafanya nafasi. Halafu vifaa vinasimamishwa, prosesa zote zinazimwa isipokuwa moja, na katika ukimya huo picha ya kumbukumbu inapigwa.

Inapigwa wapi? Wengi hudhani kwenye diski moja kwa moja. Haiwezekani, kwa kuwa diski nayo imesimamishwa. Picha inapigwa ndani ya RAM hiyo hiyo. Kila ukurasa unaohifadhiwa unanakiliwa kwenye ukurasa mwingine mtupu ulio pembeni. (Kumbukumbu hugawanywa kwa kurasa, na kwenye kompyuta zetu za kawaida ukurasa mmoja ni baiti 4,096. RAM ya GB 8 ina kurasa zaidi ya milioni mbili.) Picha ikishakamilika ndipo vifaa vinaamshwa tena kwa muda, na nakala ile, ambayo haibadiliki tena, inabanwa na kuandikwa kwenye diski bila haraka. Ndiyo maana ukiitazama mashine inayojilaza utaona kioo kimezima halafu taa ya diski inawaka kwa nguvu. Siyo kwamba imeghairi. Ndiyo kwanza inapakia.

Sasa piga hesabu. Kama kila ukurasa wa kuhifadhi unahitaji ukurasa mtupu wa kuweka nakala yake, basi picha haiwezi kuzidi nusu ya RAM. Kwenye mashine ya GB 16 picha haitafika hata GB 8 kamili. Hizo GB 32 za mwandishi wenu zinakwenda kubeba nini?

Narudi kwenye kufanya nafasi, maana hapo ndipo kerneli inapoonyesha akili. Haibebi kila kitu, inachagua. Kurasa tupu hazibebwi kabisa. Kurasa ambazo ni nakala tu ya kitu ambacho tayari kiko kwenye diski, kwa mfano msimbo wa programu uliosomwa kutoka kwenye faili au picha uliyoifungua asubuhi na hujaibadilisha, hizo ni kache na zinaweza kutupwa bila hasara, zitasomwa tena zikihitajika. Kurasa za faili uliyoibadilisha zinaandikwa kwanza mahali pake. Na zile ambazo hazina mwenzake popote duniani, kama vile sentensi uliyoandika hujaihifadhi, kurasa zilizofunguliwa kwenye kivinjari, hesabu iliyo katikati ya kupigwa, hizo ama zinaingia kwenye picha, ama zinasukumwa mapema kwenye swapu, ambayo ni eneo la diski linaloisaidia RAM ikijaa.

Ili nisiandike maneno matupu, juzi usiku nililaza mashine yangu mwenyewe kwa makusudi. Ina RAM ya GB 8. Kabla ya kuilaza, programu zilikuwa zimeshika GB 2.4, kerneli yenyewe kama GB 0.4, kache GB 4.1, na iliyobaki ilikuwa wazi. Kwa maneno mengine, kwa macho ya mtu wa kawaida RAM ilikuwa imejaa. Nikabonyeza. Ilipoamka nikafungua daftari la mfumo, ambamo mashine huandika kila inachofanya: zilinakiliwa kurasa 812,000 na ushee, kama GB 3.1. Baada ya kubanwa, kilichokaa kwenye diski kilikuwa GB 1.3. Kache karibu yote ilipigwa chini, na programu zangu zote zikarudi salama, hadi mshale uliokuwa unapepesa katikati ya neno.

Kwa nini 3.1, wakati nusu ya RAM ni 4? Kwa sababu kuna kiwango kinachowekwa kwenye faili moja ndogo iitwayo /sys/power/image_size, na kisipoguswa huwa ni kama mbili ya tano ya RAM. Kwangu ni GB 3.2. Kerneli hujitahidi picha isivuke hapo. Ukiandika sifuri kwenye faili hiyo, unaiambia ifanye picha iwe ndogo kadiri inavyoweza. Nimewahi kuona vijana wakifanya hivyo na kujisifu kwamba mashine inalala haraka. Inalala haraka, kweli. Ikiamka sasa! Kila kitu kilichotupwa kinasomwa upya kutoka kwenye diski, kidirisha kimoja kimoja, na mwenyewe anakaa anatazama duara linazunguka. Mashine imeamka lakini bado ina tongotongo.

Mvutano huo ni wa siku nyingi. Ndani ya Linux kazi hii imebebwa kwa miaka na Pavel Machek na Rafael Wysocki. Pembeni yao alikuwepo Nigel Cunningham na TuxOnIce, programu yake mwenyewe ya kulaza Linux kwenye diski, ambaye hakuipenda hiyo kanuni ya nusu. Ujanja wake ulikuwa kuandika kwanza kache kwenye diski wakati programu zimegandishwa na hakuna wa kuigusa, halafu kutumia nafasi ile ile ya kache kupigia picha ya kilichobaki. Kwa njia hiyo karibu RAM yote iliweza kuhifadhiwa na mashine ikaamka ikiwa na wepesi wake wote. Niliitumia kwa miaka kadhaa na niliipenda sana. Haikuwahi kuingizwa kwenye kerneli rasmi. Diski za kisasa nazo zimekuwa na kasi kiasi kwamba kusoma kache upya hakuumizi kama zamani, kwa hiyo sitaki kufufua ugomvi. Nimeitaja tu ili mwandishi wenu ajue kwamba hata yule aliyetaka kubeba RAM yote ilibidi afanye ujanja wa kutosha.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, na ambalo lina uzito kuliko hiyo mara mbili, ni kwamba swapu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inapokea zile kurasa zinazosukumwa ili kufanya nafasi, na baada ya hapo inapokea picha yenyewe. Zote zinagombea sehemu moja. Mtu mwenye swapu ya GB 4 ataniambia picha yake ni GB 2, kwa nini mashine imekataa? Namwambia aangalie swapu ilikuwa imebeba nini kabla hajabonyeza. Mara nyingi tunakuta GB 3 zimeshaliwa tangu asubuhi. Kosa linaloandikwa kwenye daftari ni namba -28, maana yake nafasi kwenye diski haitoshi. Likiwa -12, RAM ndiyo haikutosha kupigia picha. Namba hizo mbili zimeniokolea saa nyingi za kazi.

Na wasomaji wasitegemee sana kule kubana. Maandishi na kurasa tupu tupu hubanika vizuri, lakini mtu aliyefungua video au picha nyingi amejaza RAM vitu ambavyo vilishabanwa, na kitu kilichobanwa hakibaniki tena.

Sasa zile mashine mbili.

Ya kwanza ni ya mfasiri. RAM GB 16, na swapu sasa ni GB 32 kwa heshima ya gazeti lenu. Akibonyeza, kioo kinakuwa cheusi, kinakaa, kisha kinarudi. Aliniambia amefikiria kuipanua hadi GB 48. Nilifungua daftari la mfumo na kukuta kwamba haikufika hata hatua ya kupiga picha. Ilikwama kwenye kugandisha. Alikuwa ameunganisha folda iliyoko kwenye kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao, mtandao ukakatika, na programu iliyokuwa inasoma folda hiyo ikabaki inasubiri jibu lisilokuja. Programu iliyo katika kusubiri kwa namna hiyo haisikii ikiambiwa isimame. Sekunde 20 zikapita, kerneli ikakata tamaa. Ungempa swapu ya GB 1,000 isingelala. Nilitenganisha folda, ikalala mara ya kwanza.

Ya pili iliniuma zaidi, kwa sababu kabla ya makala ilikuwa inalala vizuri tu. Mwenyewe alifuta swapu yake ya zamani ya GB 8, akasogeza sehemu nyingine za diski, akatengeneza swapu mpya ya GB 32. Tangu hapo mashine inalala, inazima, na ikiwashwa inaanza upya kama haijawahi kulala, kazi yote imepotea. Alilipoteza hivyo andiko la siku nzima. Sababu ni hii: mashine inapowashwa inaanza na kerneli mpya isiyojua lolote, na mojawapo ya mambo ya kwanza inayofanya ni kwenda kwenye swapu iliyoelekezwa na kuangalia kama kuna picha. Swapu ya kawaida ina alama SWAPSPACE2 kwenye ukurasa wake wa mwanzo, na yenye picha ya Linux inakuwa na alama S1SUSPEND badala yake. Lakini kila swapu pia ina namba yake ya utambulisho, na ukiifuta ukatengeneza nyingine, namba inabadilika. Kerneli ilikuwa bado inaitafuta ile ya zamani. Haikuiona, ikaendelea na safari. Picha ilikuwepo kwenye diski, nzima kabisa, na hakuna aliyeifungulia mlango.

Makala haikumwambia hilo. Ilimwambia tu apanue.

Kuamka kwenyewe ni kitu kinachonistaajabisha mpaka leo. Kerneli iliyowashwa inaisoma picha, na kila ukurasa lazima urudi kwenye anwani ile ile uliyokuwa nayo kabla ya kulala. Baadhi ya anwani hizo imezikalia yeye mwenyewe. Kwa hiyo inaziweka kurasa hizo pembeni mahali salama, na mwisho kabisa kipande kidogo cha msimbo kinazinakili juu yake, kikiifuta kerneli iliyokiita, na kuikabidhi mashine kwa ile iliyokuwa imelala. Iliyoamka haijui kwamba kulikuwa na mwenzake. Inaona tu saa imeruka.

Na hiyo "haijui" ndiyo iliyonigharimu. Mwaka 2011 nililaza mashine yangu kwenye diski, mteja akaja anataka picha zake nilizomwokolea kutoka kwenye diski iliyoharibika zihamishiwe mahali pengine, na kulikuwa na nyingine za kuongeza. Nikaona kuiamsha ni kujichelewesha. Nikachomeka flashi yenye Linux ya dharura, nikawasha kwa hiyo, nikafungua diski ya ile iliyolala. Nafasi haikutosha, nikafuta folda moja ya programu za zamani, GB 6, nikaandika picha za mteja hapo. Kazi ikaisha, nikachomoa flashi, nikaiamsha mashine yangu. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na folda niliyoifuta ilikuwepo! Hapo ndipo nilipaswa kuchomoa betri. Sikuchomoa. Kerneli iliyoamka ilikuwa na ramani ya diski ya jana yake kichwani. Kwake ile folda ilikuwa hai, na picha za mteja hazikuwahi kuwepo, mahali pake palikuwa pa mwenye folda au patupu. Ikaendelea kuandika kwa ramani hiyo. Jioni picha zilikuwa zimechanganyika na vipande vya mafaili mengine, na mfumo mzima wa mafaili ulikuwa hautengenezeki. Mteja alikuwa muungwana kuliko nilivyostahili.

Hata kufungua "kwa kusoma tu" siyo salama. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao Linux nyingi huutumia kupanga mafaili kwenye diski, ukiukuta haujafungwa vizuri, hukamilisha kwanza mabadiliko yaliyoachwa kwenye daftari lake la uandishi hata kama umeambiwa usome tu, na mfumo uliolala haukufungwa, uligandishwa. Kama makala ilikuwa na nafasi ya onyo moja, ningelitaka liwe hili: diski ya mashine iliyolala isiguswe na mfumo mwingine wowote mpaka iamke.

Hilo linawahusu zaidi wenye mifumo miwili kwenye mashine moja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima, Windows kwa kawaida haizimi kabisa. Inawatoa watumiaji, halafu inalaza kerneli yake kwenye diski ili kesho iwake upesi. Mtu anadhani amezima, anaingia Linux, anafungua diski ya Windows, na hadithi yangu ya 2011 inaanza upya. Mashine zote za mifumo miwili zinazopita mkononi mwangu nazizimia hiyo tabia kwa amri ya powercfg /h off kabla sijafanya jambo jingine. Inaondoa kulala kwenye diski kote, hilo nawaambia wateja mapema.

Windows yenyewe inampinga mwandishi wenu kuhusu ukubwa. Faili yake ya kulalia, hiberfil.sys, katika Windows 7 ilikuwa asilimia 75 ya RAM. Katika Windows 10 ni asilimia 40, na ikiwekwa ile ndogo ya kuwakia upesi tu ni asilimia 20. Mara mbili haikuwepo popote.

Nipite haraka kwenye mengine. Mwenye swapu ya zram asishangae kukosa kitufe cha kulala kwenye diski, maana zram inakaa ndani ya RAM, na umeme ukikatika inakwenda nayo. Mwenye swapu iliyofungwa kwa ufunguo wa nasibu unaobadilika kila mashine inapowashwa naye hawezi kuamka, kwa kuwa ufunguo uliofunga picha umeshasahaulika. Lakini mwenye swapu isiyofungwa kabisa ajue kwamba ndani ya picha ile mna nywila na funguo zilizokuwa kwenye RAM, na atakayeiba diski anaweza kuzichokonoa. Dawa ni swapu iliyofungwa kwa ufunguo wa kudumu unaoulizwa wakati wa kuwasha. Hofu ya usalama ndiyo pia inayofanya Linux nyingi zikatae kulala kwenye diski pale Secure Boot, kinga inayoruhusu mashine kuwaka kwa programu zilizothibitishwa tu, inapokuwa imewashwa.

Na kuhusu kuchakaa kwa SSD, yaani diski za chipu zisizo na sahani inayozunguka, ambako mwandishi alitia chumvi: diski ya GB 250 yenye dhamana ya kuandikwa terabaiti 150 ni ya kawaida sana. Tuseme unalaza mara tatu kwa siku na kila picha inaandika GB 5. Hiyo ni kama terabaiti tano na nusu kwa mwaka. Itachukua zaidi ya miaka 27 kumaliza dhamana kwa kulala peke yake.

Ombi langu, Mhariri, ni sentensi moja ya marekebisho. Mkitaka nimeshaiandika: "Anayetaka kulaza Linux kwenye diski atenge swapu inayolingana na RAM yake, aongeze kiasi ambacho swapu huwa imebeba siku ya kazi nzito, na akibadilisha swapu aielekeze kerneli kwenye hiyo mpya kabla hajalala kwa mara ya kwanza." Iwekwe pale pale ilipokaa makala, siyo kwenye kona ya chini ya ukurasa wa matangazo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Fundi wa kompyuta